Simu ni Mbiu, Soko ni Uwanja

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma, kuhusu matumizi ya mitandao ya kijamii katika biashara ndogo na katika kuwakutanisha wananchi.)



Wahenga waliacha methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara nao wana msemo wao: biashara matangazo. Misemo hii miwili inapingana waziwazi. Wa kwanza unamwambia muuzaji atulie kibarazani pake, mteja atamfuata. Wa pili unamwambia apaze sauti, la sivyo bidhaa yake itaoza. Kwa miaka mingi ubishi huo haukumhusu sana mfanyabiashara mdogo. Nafasi ya tangazo gazetini, au dakika moja ya redio, ilikuwa na bei ambayo mama muuza sabuni hakuweza kuimudu. Kilichobaki kwake kilikuwa mdomo wake, kibao cha mbao mbele ya nyumba, na hisani ya jirani.

Leo hali imebadilika. Facebook ilianzishwa mwaka 2004, WhatsApp mwaka 2009 na Instagram mwaka 2010. Katika kipindi hichohicho fedha nazo zilianza kusafiri kwa simu: huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Mambo hayo mawili, yaani tangazo na malipo, yalipokutana katika kifaa kimoja kinachoingia mfukoni, mtu aliyeko kijijini aliweza kumwonyesha bidhaa yake mtu aliyeko Dodoma, wakapatana bei, na fedha zikafika kabla ya jua kuchwa. Kwa hiyo hakuna haja tena ya kuuliza kama mfanyabiashara mdogo atumie mitandao ya kijamii. Anaitumia tayari. Yafaa kuuliza inamletea nini, inamnyima nini, na faida yake inabaki mikononi mwa nani.

Jibu linalotolewa hapa ni fupi. Mtandao wa kijamii ni mbiu. Ni kweli kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini mbiu siyo jambo lenyewe. Watu wakiisikia, wakakimbilia uwanjani na kukuta uwanja mtupu, siku ya pili ikilia hawatatoka majumbani mwao. Biashara ndogo inayodumu ni ile inayoitumia simu kuwaita watu, kisha ikawakutanisha mahali pa wazi, wakaona kwa macho, wakagusa kwa mikono na wakaulizana maswali. Hapo ndipo imani huzaliwa, na bila imani hakuna mteja anayerudi.

Mfano wa Mwani

Mfano mzuri wa jambo hili unapatikana katika pwani ya mashariki ya Unguja. Kilimo cha mwani wa kuuza nje kilianza huko mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kisha kikaenea sehemu nyingine za Unguja na Pemba. Wakulima walio wengi ni wanawake, na kazi yenyewe ni ya jasho. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, wakulima huingia baharini, hupigilia vigingi mchangani, hutandaza kamba kati ya vigingi hivyo, na hufunga vipande vya mbegu kwenye kamba kimoja baada ya kingine. Baada ya wiki sita hivi mwani huwa tayari kuvunwa. Hubebwa mpaka nchi kavu ukiwa umelowa na mzito, huanikwa juani, na ukikauka huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wanaousafirisha ng'ambo. Huko hutolewa ute unaogandisha, ambao hutumika katika dawa za meno, aiskrimu na vipodozi.

Ni dhahiri kwamba katika mlolongo huo mrefu mkulima hulipwa kwenye hatua ya kwanza tu, ambayo ndiyo yenye malipo madogo kuliko zote. Tena bahari yenyewe imebadilika. Aina ya mwani iliyokuwa na bei nzuri zaidi haistahimili maji yanayopata joto, na tangu miaka ya 2000 imekuwa ikifa katika mashamba mengi ya maji mafupi. Iliyobaki ni ile ya bei ya chini. Mwanamke akavuna kwa taabu ileile, akapata kidogo zaidi.

Hapo ndipo lilipozuka wazo la kuusindika mwani papo hapo. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara wa mwani wa Zanzibar, na mtafiti wa sayansi ya bahari, Dakta Flower Msuya, alikuwa miongoni mwa waliousimamisha. Vikundi vya wanawake vikajifunza kuusaga mwani mkavu, kuuchanganya na mafuta ya nazi na kostiki soda, kutia harufu ya karafuu, mchaichai au mdalasini, na kukata vipande vya sabuni ambavyo huachwa kwa wiki kadhaa vikauke na kukomaa. Uzito mdogo wa mwani ukageuka kuwa bidhaa yenye jina.

Lakini mafanikio hayo yalileta tatizo jipya. Mwani mkavu una mnunuzi anayejulikana; huja na mizani yake, hupima, hulipa na huondoka. Sabuni haina mnunuzi wa namna hiyo. Lazima mtumiaji atafutwe mmoja mmoja, na lazima aambiwe kwa nini aache sabuni ya dukani aliyoizoea. Mwanamke aliyeshinda baharini hawezi tena kushinda akizunguka mahoteli na mitaa akibisha hodi. Kwa mtu wa namna hiyo simu ni msaada wa kweli, na asiyeliona jambo hili hajapata kubeba kapu la bidhaa juani.

Tangazo Lililo Kamili

Hata hivyo msaada huo hutegemea namna unavyotumiwa. Kila mwalimu anajua kwamba tangazo lina kanuni zake, na kanuni hizo hazikufutwa na simu. Msomaji anataka kujua mambo manne: ni kitu gani, bei yake ni kiasi gani, kinapatikana wapi, na lini. Matangazo mengi yanayozagaa mitandaoni yana picha ya kupendeza na maneno ya kujisifu, lakini hayana hata moja kati ya hayo manne. Imekuwa desturi kuificha bei na kumwambia mteja aulize faraghani. Muuzaji hudhani anamvuta mteja; mteja hudhani bei itapangwa kwa kutazama sura yake. Wengi hawaulizi. Hupita.

Kikundi cha sabuni ya mwani kinaweza kutangaza kwa namna nyingine. Kinaweza kuandika hivi: Jumamosi hii ni bamvua, maji yatakuwa yamekupwa asubuhi, wanaotaka kuona mashamba wakutane ufukweni saa tatu, wavae viatu vya kuzuia miiba, baada ya matembezi wataona sabuni ikikatwa, na kipande kimoja ni shilingi kadhaa. Tangazo kama hilo halina maneno ya mbwembwe. Lakini mtu akilisoma anajua la kufanya, na ndani yake mna jambo ambalo hakuna duka la mjini linaloweza kuliiga, yaani bahari yenyewe na kazi inayofanyika humo.

Hapa kuna fundisho jingine. Bahari haifuati saa ya mteja. Maji hukupwa mbali wakati wa mwezi mwandamo na wakati wa mwezi mpevu, na saa yake husogea mbele kila siku kwa dakika 50 hivi. Mgeni aliyekuja bila kuarifiwa hukuta maji yamejaa na haoni kitu. Simu inapomfikishia habari ya maji kwa wakati wake, inafanya kazi ambayo kibao cha mbao hakikuweza kuifanya. Hiyo ndiyo kazi yake halali: kuwafikisha watu mahali panapofaa, kwa saa inayofaa.

Uwanja Hufanya Nini

Watu wakishafika, simu imemaliza zamu yake, na zamu ya uwanja huanza. Mgeni aliyeingia majini hadi magotini, akajaribu kufunga kamba moja na mgongo ukamuuma, haulizi tena kwa nini sabuni ile inazidi bei ya ile ya dukani. Amepata jibu mgongoni mwake. Akirudi kwake huionyesha picha aliyoipiga mwenyewe kwa jamaa zake, na picha hiyo ya mteja hupata wasikilizaji kuliko picha kumi za muuzaji. Kwa maana hiyo uwanja huirudishia mbiu nguvu, na mbiu ikauletea uwanja watu wengine.

Faida ya mkutano wa mahali pa wazi haiishii kwa wageni wenye fedha. Wenyeji nao wana lao. Siku hiyohiyo ya matembezi inaweza kuanza kwa usafi wa pwani, kwa sababu pwani chafu haina mgeni na taka za plastiki hunasa katika kamba za mwani. Wanafunzi wa skuli ya jirani, wakiongozwa na mwalimu wao, wanaweza kujifunza habari za kupwa na kujaa kwa maji, na habari za joto la bahari, wakiwa wamesimama katika somo lenyewe. Wavuvi, wenye mahoteli, wanaoendesha michezo ya baharini na wakulima wa mwani, ambao mara nyingi hugombea sehemu zilezile za ufukwe, hupata nafasi ya kuonana uso kwa uso. Ugomvi ulioandikwa simuni huwaka haraka. Mtu akimtazama mwenzake machoni, maneno hupungua ukali.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya kukusanyika yamepitwa na wakati. Hao watazame Makunduchi, ambako kila mwaka mwezi Julai watu hufurika kwa ajili ya Mwaka Kogwa. Sherehe hiyo ilikuwa ikijaza watu kabla simu haijajulikana, kwa sababu wakati wake unajulikana na ahadi yake hutimizwa. Watazame pia Sabasaba tarehe 7 Julai, Nane Nane tarehe 8 Agosti, na magulio ya vijijini yenye siku zake za juma. Mkulima wa Bara hahitaji kukumbushwa siku ya gulio lake. Kinachohitajika ni kikundi kidogo kuwa na siku yake isiyobadilika, kisha simu ikaitangaza siku hiyo kwa wale ambao hawajaijua.

Hatari Zilizomo

Ndugu, haitakuwa haki kuyaeleza manufaa na kuzificha hatari. Hatari zipo, na nne kati yake ni kubwa.

Ya kwanza ni kujenga katika kiwanja cha mtu mwingine. Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014. Milango mitatu, mwenye nyumba mmoja. Tarehe 4 Oktoba 2021 mitandao hiyo yote ilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Muuzaji ambaye majina ya wateja wake wote yalikuwa humo alikaa siku hiyo kama mtu aliyefungiwa nje ya duka lake. Yule aliyekuwa na namba za simu za wateja katika daftari la karatasi aliendelea kupiga simu na kuuza. Dawa yake ni rahisi: kila mteja anayefika uwanjani, akikubali, aandikwe katika daftari la kikundi. Mtandao ukizimika, au ukibadili masharti yake, wateja wabaki.

Hatari ya pili ni mlanguzi wa namna mpya. Wanawake wa kikundi wanaingia majini, wanakausha, wanasaga na wanakata sabuni. Kijana mmoja mwenye simu nzuri anajitolea kuwafungulia ukurasa. Picha ni za wanawake, sabuni ni ya wanawake, lakini neno la siri analijua yeye peke yake, namba inayopokea malipo ni yake, na maswali ya wateja anayajibu yeye. Pengine ni mtu mwema kabisa. Lakini siku akihama, au akikosana na kikundi, anaondoka na soko zima mfukoni. Wanawake waliohangaika miaka mingi kujinasua kwa mnunuzi mwenye mizani watakuwa wamejitia mikononi mwa mnunuzi mwenye simu. Kwa hiyo hapana budi kila kikundi kiwe na namba yake ya malipo, na neno la siri lijulikane na viongozi wasiopungua wawili, na libadilishwe kila uongozi unapobadilika, kama zinavyokabidhiwa funguo za ghala.

Ya tatu ni uongo, pamoja na kutojali haki za wengine. Picha inaweza kung'arishwa mpaka sabuni ikaonekana kama lulu, na maneno yanaweza kuongezwa mpaka ikawa inatibu kila ugonjwa. Mteja akidanganywa mara moja, huwaonya wenzake mia kwa njia ileile ya simu. Zaidi ya hayo, vipodozi vina mamlaka zinazovisimamia. Kwa upande wa Bara, kazi hiyo iko kwa Shirika la Viwango tangu mwaka 2019. Pia Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Mwanamke anayefanya kazi baharini na nguo imemlowa mwilini ana haki ya kuulizwa kabla picha yake haijatangazwa. Mtoto wa skuli ana haki hiyo zaidi, na mzazi wake pia. Mkutano wa hadhara haumfanyi mtu kuwa mali ya kila mwenye kamera.

Ya nne ni kuhesabu kisichohesabika. Mtu anaona picha yake imependwa na watu elfu moja, akalala akiamini ameuza. Mali bila daftari huisha bila habari, na methali hiyo haikutengua simu. Ikiwa kikundi kinatumia shilingi 10,000 kila wiki kwa vifurushi vya intaneti, na faida ya kila kipande cha sabuni ni shilingi 1,000, basi lazima simu ilete wateja wa vipande 10 kila wiki ili irudishe gharama yake tu. Faida huanza katika kipande cha 11. Njia ya kulijua jambo hilo ni kumwuliza kila mnunuzi alivyopata habari za sabuni, na kuliandika jibu lake.

Wajibu wa Mwalimu na wa Mtumishi

Mambo haya yanamhusu mwalimu kwa namna tatu. Katika somo la Kiswahili anaweza kumfundisha mwanafunzi kuandika tangazo la kweli, fupi na kamili. Katika hesabu anaweza kumpa hesabu ya kifurushi na sabuni badala ya ile ya mapipa yasiyojulikana ni ya nani. Katika uraia anaweza kumfundisha kwamba picha ya mtu ni sehemu ya heshima yake. Mtoto anayerudi nyumbani na elimu hiyo huwa ndiye karani wa kwanza wa kikundi cha mama yake.

Mtumishi wa umma naye ana wajibu wake. Kule Bara sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa anayekagua kikundi cha namna hiyo huuliza habari za katiba, akaunti ya benki na mahali pa kazi. Aongeze maswali mawili: neno la siri la ukurasa wa kikundi liko kwa nani, na daftari la wateja liko wapi? Aidha, vikundi vinahitaji mahali. Uwanja wa shehia, kiwanja cha skuli siku za mapumziko, kipande cha ufukwe wakati wa bamvua: ruhusa ya kutumia sehemu hizo kwa asubuhi moja haiigharimu serikali kitu, lakini mara nyingi huzungushwa kutoka meza hadi meza mpaka maji yakajaa. Afisa anayeitoa kwa wakati amefanya zaidi ya semina nyingi.

Tahadhari moja yamstahili mtumishi mwenyewe. Ofisi nyingi sasa hutoa habari zake katika makundi ya WhatsApp na kuhesabu kwamba wananchi wote wamearifiwa. Bibi mwenye simu ya kubonyeza, au asiye na simu kabisa, hayumo katika kundi hilo. Na huenda ndiye mkulima wa mwani aliye mkongwe kuliko wote. Tangazo libandikwe pia kwa sheha, lisomwe baada ya sala, lipelekwe na wanafunzi. Haifai mbiu mpya iwe sababu ya kumsahau mtu aliyekuwa akiisikia ile ya zamani.

Kwa kumalizia, methali na msemo vilivyotajwa mwanzoni vinaweza kupatanishwa. Kizuri hujiuza, naam, lakini kikiwa kimeonekana; na tangazo lina faida, naam, lakini likiwa na jambo nyuma yake. Wanawake wa pwani ya mashariki tayari wana jambo: wana bahari, wana ujuzi, na wana bidhaa iliyotoka mikononi mwao. Wanastahili kuwa na mbiu yao wenyewe pia, na funguo zake ziwe mikononi mwao. Afisa mwenye ruhusa ya uwanja mezani mwake aitie saini kabla ya bamvua ijayo, na mwalimu aliye jirani nao aandae somo lake la siku hiyo.